Bwana Zamu na Msumari Wake

Kijiwe chetu kiko mbele ya karakana yangu, ng'ambo ya barabara kutoka geti la hospitali ya serikali. Benchi nililitengeneza mwenyewe kwa mbao zilizobaki kwenye masanduku ya maiti, jambo ambalo sijawaambia wanaolikalia, Mungu anisamehe, maana mbao ni nzuri na wao ni watu wa kuogopa ovyo. Upande wa kulia hukaa Kamusi, tarishi mstaafu aliyebeba mafaili ya serikali mpaka akaamini ameyasoma. Katikati ni Redio, kinyozi, ambaye hana kitufe cha kuzimia. Mwisho ni Breki, dereva wa gari la wagonjwa, mtu asiye na haraka hata kidogo. Kahawa inamiminwa na Shangazi, ambaye si shangazi wa yeyote kati yetu. Asubuhi ninayoisimulia tulikuwa na msiba. Bwana Zamu, mhudumu wa chumba cha kuagia maiti pale hospitali, alikuwa amefariki jana yake, ufagio mkononi, na mimi fundi seremala nilitakiwa kumwandalia mbao zake. Wa kanisani humchongea sanduku lenye kifuniko. Wa msikitini humkatia viunza, zile mbao za kumfunika ndani ya kaburi. Yeye nilikuwa sijui nimwandalie nini, kwa sababu hakuna mtu hata mmoja aliyejua Bwana Zamu alikuwa wa upande gani. Pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kumdai, na mganga mkuu alikuwa ametoa neno: ikifika saa saba hakuna ndugu wala maelewano, manispaa itamzika kama mtu asiye na mwenyewe. Bila sala, bila dua.

Redio: Ni wetu huyo. Kwaya nimekwisha kuwaambia wavae.

Kamusi: Wavae waende harusini. Sisi sanda iko tayari tangu alfajiri.

Redio: Sanda bila mwenyewe ni shuka tu.

Kamusi: Na kwaya bila maiti ni kelele tu.

Breki: Taratibuni, jamani. Wawili wakigombea maiti, anayeaibika ni maiti.

Kamusi: Hiyo ni methali?

Breki: Nimeitunga sasa hivi.

Kamusi: Basi nyamaza, tumia za wahenga. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Haya, Bwana Zamu alificha dini yake, na alizaa? Hakuzaa! Ushahidi huo!

Shangazi: Ushahidi wa nini sasa?

Kamusi: Wa methali.

Ngoja nieleze kidogo kwa ambaye hajawahi kuagia mtu wake mle. Kile chumba ni cha serikali, kidogo, kina kitanda cha magurudumu, mabenchi mawili na dirisha. Kabla ya Bwana Zamu kuletwa pale, ukutani palikuwa na alama ya dini, na ilikuwa alama ya upande wangu. Nani aliitundika hakuna anayekumbuka. Wenzetu wa upande mwingine walikuwa wakiingia na maiti wao, kisha wenyewe wanageuka wanatazama mlango. Bwana Zamu alipokuja aliishusha, akaifuta vumbi, akaizungushia kitambaa cheupe, akaibeba kwa mikono miwili mpaka kanisani kwetu, kwa miguu, juani. Akaikabidhi kwa heshima kama anayekabidhi mtoto. Msumari akauacha palepale. Tangu hapo kila familia inakuja na chake, inatundika, inaaga, na ikitoka inaondoka na chake. Asiye na cha kutundika huacha msumari mtupu. Sitadanganya: hata leo nikiingia mle jicho langu hukimbilia pale ukutani kutafuta ile alama yetu. Moyo wangu haujapona kabisa. Lakini jinsi alivyoishusha, sijaona mtu akipandisha kitu kwa adabu namna ile.

Kamusi: Alifuata sheria tu. Serikali haina dini, wenye dini ni wananchi. Hilo faili nimelibeba kwa mikono yangu hii.

Redio: Ulilisoma?

Kamusi: Lilikuwa limefungwa. Lakini zito!

Redio: Mimi nina ushahidi wa sikio. Nilipita dirishani anafagia, anaimba wimbo wetu. Beti zote! Hakukosea hata neno.

Breki: Saa ngapi?

Redio: Baada ya msiba wa yule mwalimu.

Breki: Si ndiyo kwaya ilikuwa imetoka muda huohuo? Mimi siku nyingine nilikuwa napakia maiti wa msikitini nikamsikia anaghani kaswida. Akifagia alikuwa anaimba cha waliotoka. Kilichobaki chumbani ndicho kilichokuwa mdomoni.

Kamusi: Lakini alinawa mpaka kwenye viwiko! Mara tatu tatu! Nimemwona pale bombani, macho haya.

Shangazi: Mtu anayeshika maiti kutwa ulitaka anawe kucha?

Kamusi: Shangazi, wewe miminia watu kahawa.

Shangazi: Namimina. Masikio hayashiki birika.

Redio: Haya, na mwezi wa mfungo? Hakuwa anakunywa kahawa hapa mchana. Sawa, nakubali, hiyo ni alama yenu. Lakini Kwaresima alikuwa hatii sukari! Hiyo je?

Shangazi: Mwezi wa mfungo alikuwa hanywi kwa sababu Breki amekaa hapa koo limekauka. Kwaresima alikuwa hatii sukari kwa sababu fundi huyu hapa anajinyima sukari halafu analalamika wiki zote.

Hapo waliniangalia nikainamisha kichwa. Ni kweli, nalalamika. Mfungo wangu una sauti.

Breki: Mimi mtanisamehe, sijali alikuwa wa wapi. Ninachokumbuka ni siku ya mheshimiwa.

Redio: Ile ya kamera!

Breki: Wakati wa kampeni. Kulikuwa na msiba wa yule mama muuza mboga, aliyependwa na watu wengi. Mheshimiwa akaja na watu wake, kamera mbele, kamera nyuma, akataka kuongoza sala. Tena sala ya dini yake, na marehemu hakuwa wa dini hiyo. Watoto wa marehemu wametoa macho, nani amkatalie? Bwana Zamu akasimama mbele yake mlangoni. Akamuuliza kwa upole kabisa, "Samahani, mheshimiwa, wewe ni wa familia?" Mheshimiwa akasema, "Mimi ni wa watu wote." Bwana Zamu akasema, "Basi wa watu wote hukaa hapa nje pamoja na mimi. Karibu."

Kamusi: Akakaa?

Breki: Akasimama nje, mikono mbele, kama mwanafunzi aliyechelewa. Ndani watoto wanamlilia mama yao kwa lugha yao na kwa kitabu chao. Yule bwana hakuwahi kurudi tena na kamera.

Redio: Mtumishi wa ngazi ya chini vile! Angefukuzwa siku ileile.

Breki: Angefukuzwa na nani? Mganga mkuu alikuwa nyuma ya pazia anapiga makofi kimyakimya.

Kamusi: Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Shangazi: Mheshimiwa ndiye mgeni au mwenyeji?

Kamusi: Yeye ndiye ugonjwa.

Tulicheka, kisha tukakumbuka kwamba tumefiwa, tukanywa kahawa. Ndipo Redio akaanza. Kinyozi akiona kimya huona ni nywele ndefu, lazima apunguze.

Redio: Niwaambie siri? Siku zake za mapumziko. Mmewahi kujiuliza alikuwa anakwenda wapi? Shati jeupe, limepigwa pasi mpaka linakata, anapanda basi asubuhi, anarudi jioni. Mtu anakwenda wapi namna hiyo kama si kusali?

Kamusi: Siku gani? Ijumaa?

Redio: Ndiyo tatizo! Mapumziko yake yalikuwa yanahama. Wiki hii Jumanne, wiki ijayo Jumamosi.

Breki: Si aliomba mwenyewe? Alimwambia mganga mkuu asimpangie Ijumaa wala Jumapili kila wiki. Alitaka izunguke.

Kamusi: Ahaa! Mtu wa kawaida haombi siku yake ya ibada izunguke. Huyu alikuwa wa kitengo.

Redio: Kitengo gani?

Kamusi: Kitengo cha kuta. Kipo. Serikali ina watu wake wanaohakikisha kuta za ofisi hazina upande. Wanafundishwa mahali, wanakula kiapo, hata wake zao hawajui. Lile shati jeupe alikuwa anakwenda kutoa ripoti.

Redio: Acha hizo. Askofu yule.

Breki: Askofu?

Redio: Askofu aliyejificha. Mtu anayejua kushusha alama takatifu namna ile, kitambaa cheupe, mikono miwili, hajifunzi hospitali. Aligombana na wakubwa wake huko alikotoka, akaacha yote, akaja kufagia. Mnamwonaje? Hata kufagia alikuwa anafagia kiaskofu.

Kamusi: Kufagia kiaskofu ndiyo kufagia vipi?

Redio: Polepole, halafu anageuka.

Breki: Mimi nina yangu, lakini msinicheke. Mimi naona walikuwa wawili.

Kamusi: Wawili kina nani?

Breki: Mapacha. Mmoja wetu, mmoja wenu. Wanabadilishana. Huyu akivaa shati jeupe anaondoka, yule anaingia. Ndiyo maana alijua kila kitu cha kila upande! Binadamu mmoja hawezi kujua wapi pa kumgeuzia maiti wa Kiislamu, akajua ni wimbo gani Redio hulia ubeti wa tatu, akajua wale wanaosali kule mtoni hawataki maua, akajua yule mzee asiyeamini chochote anataka dirisha tu lifunguliwe.

Shangazi: Pacha mwenye kovu lilelile kwenye dole gumba?

Breki: ...Walijikata pamoja.

Redio: Basi kama ni hivyo tusiseme mapacha, tuseme ukweli: malaika. Malaika wa zamu. Anashuka, anahudumu, anapanda basi.

Kamusi: Malaika hapandi basi!

Redio: Wewe unajua malaika hupanda nini?

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa karakana, futi ya kupimia mkononi, nawasikiliza badala ya kufanya kazi, kama kawaida yangu. Nakiri pia kwamba moyoni nilikuwa nimeanza kumchongea sanduku. La mninga, kona za mviringo, kifuniko chenye mchoro. Nilitaka awe wetu ili watu waone mkono wangu. Kumtakia maiti dini kwa ajili ya sifa ya randa! Nikamwomba Mungu anishushe majivuno, na bado mkono ulikuwa unapapasa ule mninga.

Shangazi akaweka birika chini. Si kawaida yake kuongea maneno mengi. Hukata tu pembeni kama wembe.

Shangazi: Mnakumbuka yule mtu aliyeokotwa stendi? Hana kitambulisho, hana simu, hana aliyemuulizia.

Breki: Nilimleta mimi.

Shangazi: Alikaa kule kwenye friji hadi manispaa wakaja kumchukua. Asubuhi hiyo nilimpelekea Bwana Zamu kahawa kama siku zote. Nikamkuta amesimama nje ya chumba, mgongo ukutani, mlango umefungwa. Nikamwambia, pokea basi, itapoa. Akaniambia, "Shangazi, subiri, kuna mtu ndani." Nikachungulia dirishani. Amepafagia, amepanga mabenchi, amemfunika yule mtu shuka safi, amemweka katikati. Msumari mtupu. Hakuna mtu mwingine. Nikamuuliza, sasa ndani kuna nani? Akasema, "Sijui jina lake. Lakini ni zamu yake."

Breki aliweka kikombe chini. Redio naye.

Shangazi: Wa manispaa walikuja na gari lao, wanapiga honi. Akawaambia wasubiri. Zamu ya yule mtu ilikuwa nusu saa, sawa na ya mtu yeyote. Wakasubiri. Kahawa ikapoa kweli. Akainywa hivyohivyo.

Kamusi alivua kofia yake, akaipiga vumbi, akaivaa tena. Nilifikiri atatoa methali. Hakutoa.

Redio: Na leo yeye manispaa wanamwambia saa saba.

Breki: Saa saba.

Kamusi: Haiwezekani. Haiwezekani, bwana! Mimi nakwenda kwa mganga mkuu sasa hivi, namwambia huyu mtu ni...

Redio: Ni nani?

Kamusi akakaa.

Ndipo alipovuka barabara mama mmoja, mtu mzima, begi begani, vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Alisimama mbele yetu.

— Shikamooni.

— Marahaba, binti.

— Nimeelekezwa hapa. Namtafuta fundi seremala. Mimi ni mpwa wa yule mliyekuwa mkimwita Bwana Zamu. Mama yangu ni dada yake, tumbo moja.

Loo! Kamusi alisimama, Redio alisimama, Breki, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama haraka. Walimpa pole kwa pamoja mpaka pole zikagongana. Shangazi akampa nafasi kwenye benchi na kikombe. Yule mama akasema ametoka kwa mganga mkuu, karatasi zimekubaliwa, manispaa imeondolewa, na mjomba wake atasafirishwa jioni kwenda kuzikwa kwao, alipozikwa babu. Tulishusha pumzi sote. Kisha, kama mnavyojua watu wa kijiweni, pumzi ikarudi na umbea.

Redio: Sasa, dada yangu, utusaidie jambo dogo. Tulikuwa hapa tunajadiliana kielimu tu. Mjomba alikuwa anasali wapi?

— Alikuwa anasali, akasema yule mama.

Kamusi: Tunajua, binti, lakini wapi?

— Kila siku yake ya mapumziko alikuja kwetu. Alisali kwetu, tukala, akarudi. Alitukataza kuitaja dini yake karibu na geti hili. Alikuwa akisema, siku watu wa huku watakapojua, nusu yao wataanza kuingia mle chumbani kama wenyeji na nusu kama wageni.

Redio: Lakini sasa mwenyewe hayupo, Mungu amrehemu. Chumba hakimhusu tena.

— Chumba bado kipo, kaka.

Aliinuka akanijia mlangoni. Akaniambia mimi lazima nijue kwa sababu ya mbao. Akaninong'oneza sikioni neno moja tu. Nilitikisa kichwa kukubali. Nyuma yake nyuso tatu zilikuwa zimenikodolea kama watoto wanaosubiri chungu kifunuliwe.

— Fundi! Sema basi!

— Fundi, sisi ni ndugu!

— Fundi, nitakunyoa bure mwaka mzima!

Jioni wangeona wenyewe, hilo nilijua. Macho hayana pazia. Siri ya saa chache tu. Lakini kwa mdomo huu mnaoujua, siri ya saa chache ni mfungo mkubwa kuliko wa sukari. Nikasema, "Ninazo kazi." Na hata ninyi mnaosoma sitawaambia. Nisameheni kwa mengine, si kwa hilo.

Yule mama akawageukia wao.

— Mganga mkuu amekubali tumlaze mle mle chumbani kwake kabla ya safari. Nataka kila anayetaka amuage kwa namna yake, kwa zamu, kama alivyokuwa anafanya mwenyewe. Wa msikitini waingie, watoke na chao. Wa kanisani waingie, watoke na chao. Sisi wa familia tutamaliza.

Kamusi: Hapo umenena! Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Nitaongoza dua mimi mwenyewe.

Redio: Na kwaya itaimba ule wimbo, beti zote nne. Nitasimama mbele kabisa.

Breki: Hata mimi nataka kuingia. Yule nimempelekea watu wengi, leo niingie mimi.

— Nashukuru sana, akasema yule mama. Mjomba angefurahi. Sasa kuna jambo moja nimeambiwa pale ndani, sikulielewa vizuri. Wakiingia wa zamu moja, lazima mtu mmoja asimame nje mlangoni, asiombe na hawa wala na wale, ili kila mtu apate chumba chake kwa amani. Wanasema siku zote alikuwa anasimama yeye.

— Naam, ni yeye, akasema Breki. Siku zote.

— Basi leo nani kati yenu atasimama nje?

Kamusi alimtazama Redio. Redio alimtazama Breki. Breki alitazama ndani ya kikombe chake, akakuta masimbi ya kahawa tu. Shangazi aliinua birika, akalitikisa, halikuwa na kitu. Hata mimi nilikumbuka ghafla kwamba nina kazi, ingawa nilijua moyoni kazi ile ningeimaliza mapema, nibaki na muda wa kutosha wa kusimama pale mlangoni.

Niliingia karakanani. Mninga niliuacha ulipo. Nikachukua ubao wa kawaida, mnyoofu, nikaufunga kwenye jiriwa, nikaanza kupiga randa. Nje palikuwa kimya, na nikafahamu kwamba wananisikiliza, wanajaribu kutambua kwa mlio kama ni sanduku au ni viunza. Ubao hausemi hivyo. Ukipigwa randa hulia vilevile, uwe wa nani. Nilipoinua kichwa kupangusa jasho, nilimwona yule mama dirishani: bado amesimama mbele ya benchi, begi begani, anawatazama mmoja mmoja, anangoja.